Riwaya ya kisayansi imekupotea jina, unaisakaje? Tupeane uzoefu

Mkutubi: Wakuu, swali hili halikauki: "Watu wanaishi kama kabila, hawajui wamo ndani ya chombo cha angani. Kitabu gani kile?" Mnaojua kusaka, mwageni mbinu.

Bi Rafu: Usianze na jina la mhusika, majina ndiyo huwahi kufutika. Anza na kioja. Hapo kuna vitabu vitatu ambavyo watu huvichanganya. Mimea imeziba korido, watu wanaifyeka wapite: Non-Stop ya Brian Aldiss, 1958. Mtu mwenye vichwa viwili, kila kimoja na akili yake: Orphans of the Sky ya Robert Heinlein. Bonde la Waazteki lililozibwa: Captive Universe ya Harry Harrison, 1969. Ukikumbuka mimea na vichwa viwili pamoja, umeunga vitabu viwili. Vitenganishe kwanza, kila kimoja kitafutwe peke yake.

Chapa ya Kale: Hata jina hudanganya. Non-Stop iliuzwa Marekani kama Starship. Ingia ISFDB, ile hifadhidata ya mtandaoni ya hadithi za kisayansi, fungua ukurasa wa kitabu: majina yote yapo, matoleo, bei, picha za majalada.

Juma K: Kweli tupu.

Kapteni: Hicho cha Aldiss acheni kabisa! Kasisi Marapper anawapitisha kwenye ule msitu wa korido kutafuta chumba cha kuongozea chombo, wanapambana wee, kumbe safari iliisha zamani, chombo kinaizunguka Dunia!

Bi Rafu: Kaka, umeshaumwaga utamu wote! Wengine hawajakisoma.

Kapteni: Dada, wengi hukumbuka mwisho tu. Usiposemwa, watakitambuaje?

Mpenda Majalada: Mimi naanza na jalada. Bei ya 3/6, yaani shilingi tatu na peni sita, ni chapa ya Uingereza ya kabla ya Februari 1971. Ukikipindua kichwa chini ukakuta riwaya nyingine upande wa pili, pekua orodha ya Ace Doubles, chapa za Marekani za riwaya mbili ndani ya kitabu kimoja, zilianza 1952.

Chapa ya Kale: Jalada lisikutangulie, mkuu. Kitabu kimoja hubadilishwa majalada kila toleo, na mwaka wa chapa si mwaka wa kutungwa. Orphans ilitoka kama kitabu 1963, lakini sehemu zake mbili zilichapwa kwenye jarida 1941. Aliyeisoma jaridani hana jalada la kukumbuka.

Mpenda Majalada: Basi aseme kwanza aliisoma wapi, jaridani au kitabuni.

Juma K: Na lugha gani. Kapteni, hao watu wa korido waliipanda wenyewe hiyo mimea au iliwashinda?