Vitumbua, maandazi au visheti kwa wageni wa asubuhi?

Mwenyeji wa Ujiji: Assalaam alaykum. Jumamosi ijayo tunapokea wageni wa posa, baadhi yao wakitokea Tabora na wengine Tanga, nami nimekabidhiwa vitafunwa vya chai. Sitaki kununua mtaani. Nimebaki njia panda kati ya vitumbua, maandazi ya iliki na visheti. Mngechagua kipi?

Mpishi wa Gungu: Wa alaykum salaam, dada yangu. Umeuliza bila kutuambia wageni ni wangapi, wanafika saa ngapi, wala una majiko mangapi. Chuma changu kina matundu 7 na kila kitumbua hugeuzwa kwa mkono, hivyo vya watu 10 na vya watu 60 si kazi moja. Visheti unaweza kuvipika Alhamisi, ukavifungia kwenye ndoo yenye mfuniko na ukalala usingizi wako.

Mkwe wa Tanga: Nimeolewa Tanga miaka 12, nami nasema vitumbua. Maandazi kule huliwa na mbaazi za nazi, kwa hiyo ukiwawekea maandazi matupu watakula kwa heshima tu huku macho yakitafuta bakuli. Wala mtu asiseme ni chakula kigeni hapa: Ujiji imepokea misafara iliyotoka Bagamoyo kwa kupitia Tabora, na upishi wa pwani umekuwapo tangu enzi hizo.

Mama wa Mwanga: Vitumbua vilinitia aibu ambayo sijaisahau. Ilikuwa hitima ya nyumbani kwetu. Niliroweka mchele mchana, nikausaga jioni kwa tui, kisha nikatia hamira saa 2 usiku ili nisihangaike alfajiri. Usiku ule kulikuwa na joto. Nilipoamka saa 10, rojo lilikuwa limefura, limemwagika sakafuni, na lililobaki lilinuka uchachu kama togwa la siku 3. Nikaongeza sukari nikidhani itafunika, kumbe sukari ilifanya vitumbua viungue nje na kubaki vibichi ndani. Shangazi yangu alikimega kimoja, akakirudisha kwenye sahani bila kusema neno. Tangu hapo hamira naitia alfajiri, au naacha kabisa na kupika maandazi.

Mtoto wa Isevya: Mbona wageni wa Tabora hawatajwi? Sisi tuliokulia vijijini tulinyweshwa chai kwa viazi vitamu, na msimu ulipopita tulikula michembe au matobolwa pamoja na karanga. Weka hata sahani moja, na kibakuli cha asali pembeni, uone wazee watakavyochangamka.

Mpishi wa Gungu: Michembe na matobolwa si kitu kimoja chenye majina mawili?

Mtoto wa Isevya: La hasha. Michembe ni viazi vilivyokatwa vikiwa vibichi na kuanikwa, hivyo ni lazima vipikwe kabla ya kuliwa. Matobolwa huchemshwa kwanza, ndipo yakakatwa na kuanikwa, nayo hutafunwa hivyo hivyo. Ukimpa mgeni michembe mikavu, meno yake yatakulaumu.

Mwenyeji wa Ujiji: Samahanini kwa kuchelewa. Wageni ni 45, wanafika saa 3 asubuhi, na nina majiko 2 ya mkaa. Je, naweza kukaangia mawese, kwa kuwa ninayo dumu zima?

Mkwe wa Tanga: Mawese yabaki kwenye maharage na migebuka! Vitumbua vitakuwa vyekundu na vitanuka.

Mama wa Mwanga: Si lazima. Bibi yangu aliyachemsha mpaka wekundu ukapauka, akayapoza, ndipo akakaangia maandazi. Harufu hupungua, ingawa haiishi yote, na moshi wake utakutoa machozi.

Mpishi wa Gungu: Kwa watu 45 na majiko 2, ambayo moja lazima libebe chai, vitumbua utavianza saa 9 usiku na vya kwanza vitakuwa vimepoa na kukakamaa. Narudia: visheti.

Mkwe wa Tanga: Hotipoti zipo kwa kazi gani? Tafuta vyuma 2 na msaidizi mmoja.

Mwenyeji wa Ujiji: Mwenzenu sina hata kimoja. Nilitegemea kuazima cha jirani, naye yuko Tabora.

Mama wa Mwanga: Anarudi lini?

Mwenyeji wa Ujiji: Ijumaa jioni, treni isipochelewa.