Mchezaji akiita daktari uwanjani, akae nje dakika tano?

MzeeWaKati: Wakuu, hoja yangu ni fupi. Mchezaji akiita daktari aingie basi atoke nje dakika tano, kaumia kweli au kaigiza, tuone kama atalala tena. Siku hizi timu ikiongoza moja bila, kuanzia dakika ya 70 watu wanadondoka kama maembe ya msimu, machela ikifika tu mtu kasimama mwenyewe. Rugby daktari anamfuata mtu hukohuko uwanjani na mpira unaendelea. Sisi tunashindwa nini?

FundiSaa: Naunga mkono. Rivaldo wa Brazil kombe la dunia 2002 na Costa Rica, kapigiwa mpira wa paja kashika uso, mpinzani kala nyekundu. FIFA walimfanya nini? Faini basi.

KipusaIlala: Ilikuwa na Uturuki sio Costa Rica, na aliyetolewa ni Hakan Ünsal. Faini yenyewe faranga za Uswisi elfu kumi na moja na ushee, na mwezi huohuo kabeba kombe. Hapo mjinga nani?

NyangauNgong: Soka imejaa watoto bana. Kwa rugby hakuna huo upuzi, msee akijirusha hata mashabiki wake wanamzomea.

KipusaIlala: Hakuna?? Harlequins na Leinster 2009, winga Tom Williams katafuna kidonge cha damu bandia aonekane anavuja damu, ili kocha apate nafasi ya kumtoa na kumrudisha uwanjani mpiga mateke wao aliyekuwa ameshatoka, halafu daktari wa timu akamchana mdomo kweli ili kufuta ushahidi. Damu ya DUKANI kaka. Hata Rivaldo hakufika huko.

NyangauNgong: Na kocha wake Dean Richards alifungiwa miaka mitatu, mbona hiyo umeruka. Soka angepewa mkataba mpya.

Chumvi2: NBA, kikapu cha Marekani, nao tangu msimu wa 2023 ukijirusha refa akakuona ni faulo ya kiufundi, mpinzani anapiga mtupo mmoja wa bure. Rahisi tu.

BabuTandika: Nyie Wakenya mlikimbilia rugby sababu mpira umewashinda, leo mnakuja kutufundisha ustaarabu.

NyangauNgong: Umeshinda nani? Cairo AFCON 2019 nyinyi Watanzania si mlitangulia mara mbili na bado tukawalaza 3-2? Straika wetu Olunga anawasalimia buda.

BabuTandika: Na baada ya hiyo 3-2 mlifika wapi? Makundi, mkapanda ndege kama sisi tu.

ShamsaMchuaji: Jamani mimi nimewahi kuchua wachezaji wa timu ya daraja la chini, kwahiyo hili naliona kwa karibu. Mnamlaumu mchezaji wakati ishara inatoka benchi. Sheria inasema mchezaji akitibiwa uwanjani atoke, labda aliyemchezea rafu awe kapewa kadi. Lakini kipa hatoki. Sasa kocha akitaka mchezo usimame anamlaza kipa, wengine wote wanakimbia pembeni kunywa maji na kupokea maelekezo, wakirudi mfumo umeshabadilika. Hizo dakika tano zenu kipa zinamgusa wapi?

BabuTandika: Dada unachua timu gani hiyo ya kulaza makipa, tuijue tuikwepe.

ShamsaMchuaji: Hiyo haikuhusu. Jibu la kipa.

Chumvi2: Halafu MzeeWaKati, "kaumia kweli au kaigiza" unaandika kirahisi hivyo? Marc-Vivien Foé wa Cameroon, Lyon 2003, kaanguka katikati ya uwanja hajaguswa na mtu na hakuamka tena. Ukiweka adhabu kwa kila anayeita daktari kuna mtu ataogopa kusema kifua kinabana, kocha atamwambia vumilia tutabaki kumi.

FundiSaa: Foé sawa, ila na Rojas je? Yule kipa wa Chile 1989 pale Maracanã alificha wembe kwenye glovu akajikata uso, akasingizia baruti ya mashabiki wa Brazil. Nchi nzima ikafungiwa kombe la 1994. Wachezaji wa mpira hawana aibu.

ShamsaMchuaji: Na huyo ni KIPA. Mnaona?

NyangauNgong: Babu sijamaliza na wewe. CHAN, lile kombe la Afrika la wachezaji wa ligi za ndani, Agosti 2025 Kasarani, tulipiga Morocco moja bila tukiwa kumi uwanjani. Ungetuona tumelala?

BabuTandika: Mkatolewa na Madagascar kwa penati, nyumbani kwenu.

NyangauNgong: Na nyinyi mkatolewa na nani? Si haohao Morocco tuliowapiga, tena hapo kwenu Dar 😂😂

BabuTandika: Tulitolewa na bingwa wewe. Kufungwa na bingwa na kufungwa na Madagascar ni kitu kimoja?

MzeeWaKati: Wakuu dakika tano jamani, ndio au hapana?

KipusaIlala: Hapana. Mbili zinatosha, na kadi juu yake.

ShamsaMchuaji: Bado hakuna aliyenijibu la kipa.

NyangauNgong: Dada ngoja kwanza, Babu anaandika.