Namuuguza wifi yangu lakini moyoni kuna uchungu. Je, hii ni huruma au unafiki?

MamaCherehani_Moro

Tumsifu Yesu Kristo. Naomba mnisome mpaka mwisho kabla ya kunijibu, maana jambo hili liko kifuani kwangu tangu Kwaresima.

Mimi ni fundi cherehani, niko Kihonda, Morogoro. Wifi yangu, dada mkubwa wa mume wangu, alipatwa na kiharusi. Upande wa kulia wote hauna nguvu, na maneno yanatoka kwa shida sana. Anayemwelewa ni mwanawe tu, naye yuko darasa la sita, hawezi kumgeuza mama yake kitandani. Kwa hiyo kila asubuhi kabla sijafungua fremu yangu napita kwake na chupa ya uji wa ulezi. Namwogesha, natandika shuka safi, zile chafu nazifua. Jioni narudi tena.

Kabla hajaugua alinikopa laki sita na nusu. Ilikuwa hela ya kununulia cherehani ya ovaloki, nimeidunduliza kwenye kikoba chetu. Aliahidi kulipa akishavuna mpunga wake wa Dakawa. Mpunga ukavunwa, ukauzwa, mimi sikuona hata shilingi. Nilipomkumbusha, alisimama kwenye kikao cha ukoo akasema nimekuja kufilisi nyumba ya kaka yake. Mama mkwe alikuwepo, mume wangu alikuwepo. Hakuna aliyefungua mdomo.

Sasa nikimwogesha, mikono inafanya kazi huku kichwa kinarudia maneno ya kile kikao. Ananishika mkono kwa huo mkono wake mmoja uliobaki, nami natazama dirishani. Sijamnyima kitu, sijamjibu vibaya. Lakini upendo, ndugu zangu, siuoni.

Kilichonimaliza ni hiki. Kina mama wa WAWATA, umoja wa wanawake Wakatoliki, wa jumuiya yetu walikuja kumwona wakanikuta namlisha. Mmoja akapiga picha, ikawekwa kwenye kundi la WhatsApp, mwenyekiti akaandika kwamba hivi ndivyo Mkristo anavyotakiwa kuwa. Usiku ule sikupata usingizi. "Heri wenye rehema" na "Heri wenye moyo safi" zimefuatana kwenye Mathayo 5, na mimi nikajiona ninayo ya kwanza kwa mikono tu, ya pili sinayo kabisa.

Naomba kujua: Mungu anapokea huruma inayotoka kwenye moyo kama huu? Au nimwachie mwingine kazi hii mpaka moyo utakate? Sura hiyohiyo inasema uiache sadaka yako madhabahuni ukapatane kwanza na ndugu yako. Nitapatanaje na mtu asiyeweza kuongea?

mkulima_wa_bondeni

Dada pole. Mimi nasema ukweli: huyo ni dada wa mumeo, na ukoo uliokutukana ndio umwogeshe. Samehe, sawa, lakini mumeo atafute binti wa kumlipa. Unajiua bure.

KatekistaMstaafu_Mara

Milele, amina. Mama, usiache. Hata kesho asubuhi usiache.

Nimefundisha wakatekumeni, wale wanaojiandaa kubatizwa, miaka mingi huku Mara, na swali lako huwaumiza zaidi watu wanaomcha Mungu kwa kweli. Mnafiki haulizi kama moyo wake ni safi, anauliza kama picha imetoka vizuri.

Anza na Kutoka sura ya 23. Torati inasema ukimkuta punda wa mtu anayekuchukia amelala chini ya mzigo wake, usimpite, msaidie mwenyewe kumnyanyua. Mungu anajua kabisa kwamba mwenye punda na mpita njia hawapendani, ameandika hivyo hivyo. Hakumwambia mpita njia akasubiri moyo utulie. Mzigo hauna nafasi ya kusubiri, na wifi yako saa kumi na mbili asubuhi amelowa.

Halafu soma Mathayo 18, ule mfano wa mtumwa asiyesamehe. Bwana wake alimsamehe talanta elfu kumi, naye akamkaba mtumwa mwenzake kwa dinari mia. Tumezoea kuhubiri kwamba deni hilo la pili, dinari mia, lilikuwa kitu cha kuchezea. Sikubaliani na mahubiri hayo. Dinari moja ilikuwa ujira wa kibarua kwa siku nzima, wale wa shamba la mizabibu katika sura ya 20 walipatana hivyo. Dinari mia ni vibarua mia. Piga hesabu ya kibarua cha kulima hapo Morogoro uone kama laki sita na nusu iko mbali na hapo. Bwana alipotuambia tusamehe, hakusema tunachodai ni kidogo. Ni kikubwa, kinauma, na kilikuwa jasho lako. Ni mbele ya talanta elfu kumi tulizosamehewa sisi ndipo kinapungua.

Kwa hiyo ukisikia uchungu unapomwogesha, usijihukumu haraka. Ningeogopa kama ungesema unafurahi kumwona hivyo, kwamba amepata alichostahili. Nimesoma maneno yako mara mbili, furaha hiyo sikuiona. Nimeona mtu aliyedhulumiwa anayefua shuka za aliyemdhulumu.

Kuhusu sadaka ya madhabahuni: lile andiko linasema ukikumbuka kwamba ndugu yako ana neno juu yako. Hapa wewe ndiye mwenye neno juu yake. Andiko lako ni Marko 11, aya ya 25, msimamapo na kusali, sameheni mkiwa na neno juu ya mtu. Hilo unaweza kulifanya umesimama pale mlangoni kwake, kabla hujabisha hodi. Na hapo usitegemee nguvu zako. Daudi katika Zaburi ya 51 hakusema atausafisha moyo wake, aliomba aumbiwe. Omba hivyo kila siku, kwa sentensi moja. Saa tisa alasiri simamisha cherehani usali Rozari ya Huruma ya Mungu, haifiki robo saa. Huku kwetu kuna kituo cha hija cha Huruma ya Mungu, Kiabakari, na nimeona watu wakija pale na uchungu wa mashamba na mahari na urithi, wanarudi nyumbani deni likiwa halijalipwa na uso umebadilika. Nenda pia kwenye kitubio. Mwambie padre kama ulivyotuambia sisi, na kiasi ukitaje.

Jambo la picha linanikera, nisamehe. Mathayo 6 inataka mkono wa kushoto usijue wa kuume unafanya nini, nao wameutangaza. Ila fikiria na hili: yule mama mgonjwa aliulizwa? Mdomo umelegea, kanga iko begani, analishwa kijiko, na kundi zima linamtazama. Mwombe mwenyekiti aiondoe, kwa upole, kwa sababu ya heshima ya wifi yako.

Ndugu mkulima hajakosea yote. Mume wako anatakiwa kuwepo pale.

Muuguzi_KKKT

Bwana Yesu asifiwe. Mimi ni Mlutheri, naongeza ya kazini kwangu tu, maana huruma inahitaji pia ujuzi.

Usimlishe akiwa amelala, mkalishe wima na mito mgongoni, abaki hivyo nusu saa baada ya kula. Wagonjwa wa kiharusi hupaliwa kirahisi, na chakula kikiingia kwenye mapafu ni hatari. Uji uwe mzito kidogo, kijiko kidogo, ameze kwanza ndipo uongeze. Akikohoa kila anapomeza, mpelekeni kliniki. Ageuzwe kila baada ya saa mbili, asipate vidonda vya mgongoni na visiginoni. Hilo wewe peke yako huwezi, na ndipo hao WAWATA wanapohitajika. Waombe wagawane siku. Mtu aliyechoka hukasirika upesi, na uchungu unaouona mwingine ni usingizi uliokosa.

Na akikushika mkono, mtazame. Wengi wao wanaelewa kila kitu.

MamaCherehani_Moro

Asanteni. Nimelia hapa fremu mpaka mteja akauliza kuna nini. Picha nimeomba iondolewe na mwenyekiti ameelewa. Mume wangu nitamwambia leo.

Moja limebaki, katekista. Nataka nimwambie wifi kwamba deni nimelifuta. Nimwambie, au ninyamaze?

KatekistaMstaafu_Mara

Lifute kwanza mbele ya Mungu, na mume wako ajue, ili ukoo usije kulifufua akifariki. Kwake usilianze wewe. Mtu asiyeweza kujibu ukimwambia "nimekusamehe" unamdai shukrani ambayo hana mdomo wa kuitoa. Ila mwanawe anamwelewa. Siku akikuambia mama anataka kuzungumza nawe habari ya ile hela, mtoe mtoto nje kwa upole, kaa kitandani, mwambie hudai kitu. Akilia, kaa naye mpaka amalize.