Tupeane uzoefu: ulingoja muda gani ndio ukakubali ile kazi ya zamani hairudi?

Ciao_Maweni:
Salaam aleikum wakuu. Mi niko Malindi, na kazi niliyoijua tangu nina miaka 19 ni kutembeza Wataliano. Kiitaliano chenyewe sikukisoma popote, nilikiokota pwani nikiuza vinyago, baadaye mahoteli yakawa yananipa watu. Asubuhi Gede, maji yakipwa tunaenda Marine Park, jioni nguzo ya Vasco da Gama na picha mbili tatu. Sasa Machi 2020 ndege za abiria kutoka nje ziliposimamishwa kila mtu alisema wiki mbili. Mi nikasema Pasaka watarudi. Halafu nikasema Agosti. Halafu Krismasi. Na kila Jumapili nilikuwa napiga pasi mashati yangu mawili meupe ya kazi, wallahi, bibi ananitizama tu hasemi kitu, mpaka siku moja akaniuliza, "Baba, hayo mashati yanakwenda wapi?" Sikuwa na jibu. Miezi 9 hiyo.

Wageni walirudi, sikatai, lakini wa kwanza kujaa walikuwa Wakenya wenzetu. Wanateremka kutoka Nairobi na magari yao, watu kumi na mbili nyumba moja, wamebeba mpaka vitunguu. Hawa hawana haja ya wewe kuwaeleza historia ya Gede kwa sauti ya upole, wanauliza boti bei gani, wanakupunguza mpaka unacheka, wanatuma M-Pesa, mambo yanaenda. Mwanzo niliwadharau, nasema hawa si watalii hawa, na ujinga huo ulinila msimu mzima. Siku hizi ndio wananilisha. Nawapeleka Mayungu, ile pwani Wataliano waliyoipa jina Sardegna 2, samaki wa kuchoma, muziki juu, na mimi niliyezoea "prego signora" sasa najibu "sawa buda".

Haya, nyie je? Mlingoja muda gani? Mawaidha sitaki, nataka hadithi.

Mbaazi_za_Nazi:
Kaka wewe ulikuwa na mashati, mi nilikuwa na yunifomu. Nilifua mashuka ya hoteli miaka 11. Barua ilisema likizo bila malipo mpaka tutakapoitwa, na hiyo "tutakapoitwa" ndo iliniua, manake ingesema umefukuzwa ningelia siku tatu nikaamka. Nikawa nalala na simu kifuani. Sikuitwa mpaka leo.

Nilianza mahamri kwa kujificha. Nakanda usiku, alfajiri namtuma mwanangu apite nayo mitaani ili majirani wasijue yangu, eti mimi wa hotelini niuze mahamri! Na yalikuwa mabaya. Mama mkwe alikuja akang'ata moja akaliweka chini polepole akaniambia, "Mwanangu, unga unaukanda kama unafua mashuka." Nilikasirika siku mbili kisha nikaenda kwake anifunze. Akanionyesha tui liwe vuguvugu lisiwe moto, iliki usage mwenyewe usinunue ya unga, na ukishakanda uache unga upumzike, usiuchokonoe kila saa kutizama umeumuka ama bado. Hilo la kuchokonoa lilikuwa gumu kweli, mimi si mtu wa kukaa mikono mitupu.

Nilianza na kilo 2 za unga, sasa siku nzuri nafika 7. Wateja wangu wakubwa ni vijana wa tuktuk stejini, wananiandikia WhatsApp usiku, mbaazi ngapi mahamri mangapi. Na usiwachezee! Nazi ilipanda bei nikalipunguza tui kidogo tu, kesho yake mmoja ananiuliza mbele ya watu, "Mama, mbaazi za leo umezipika na maji ya mvua?" Nikapandisha bei tui likarudi, wakanung'unika wiki moja wakazoea. Yunifomu niliichana mwaka wa pili nikafanya vitambaa vya kushikia sufuria, na vizuri kwa kweli, kitambaa cha hoteli hakiishi.

Amka_Upambane:
Shida ya watu wa pwani ni kulalamika. Mabadiliko ni fursa, ukibaki nyuma ni wewe. Badilisha fikra ubadilishe maisha.

Ciao_Maweni:
Bro nilisema hadithi. Wewe ulibadilika nini? Tuambie.

(Mpaka saa hii hajajibu.)

Mvuvi_Amu:
Mi mtu wa Amu, yaani Lamu, mtanisamehe lugha. Kazi yangu jarife, wavu mkubwa wa samaki, na jarife hutegwa usiku. Baada ya ile mambo ya kutekwa wageni 2011 tukakatazwa kuvua usiku, haikuwa mwezi wala mwaka, ni miaka. Sasa mvuvi wa jarife ukimwambia avue mchana ni kama kumwambia mwadhini aadhini moyoni. Nikahamia mishipi, nikahamia kamba wa mawe, napata kidogo, nasubiri waondoe tu marufuku nirudi.

Wakati tunasubiri hiyo, bahari ikachimbuliwa ndia ya meli za bandari mpya ya Lamu upande wa Magogoni. Kulikuwa na kesi, Mahkama Kuu ya Malindi ikaamua 2018 wavuvi zaidi ya 4,600 walipwe shilingi bilioni 1.76, jina langu limo, na hayo mengine ya malipo siyataji hapa manake kila baraza ina habari yake. Gati la kwanza likafunguliwa Mei 2021. Nilikwenda kutizama kwa mbali na mashua. Pale nilipokuwa nikitia nanga na marehemu baba pana meli refu kuliko msikiti wetu na nyumba zote za pande zile. Sikukasirika, nilinyamaza tu. Nikageuza tanga.

Sasa mimi ni baharia wa chombo cha mtu, fiba na mashine, tunatoka nje ya miamba huko kwenye maji makubwa, msimu wa kaskazi. Nina miaka 52 na nahodha wangu ana 29, ananiambia mzee shika hapa mzee wacha hapo, anafuata GPS ya simu. Namheshimu, anajua. Lakini siku moja simu iliingia maji na mbingu imefunga, akanitizama usoni kama mtoto. Nikamwambia elekeza huku. Hatukuizungumza tena. Kusi ikiingia nakaa nyumbani, na kukaa ndo sijajifunza bado.

Punda_Wawili:
Mzee Mvuvi umeniliza. Mi pia wa Amu, yangu fupi. Nilikuwa na punda wanne wa kubeba mawe na simiti, boda zilipoanza kujaa mitaa ya Wiyoni na Kashmir nikazipigia kelele kuliko mtu yeyote, kumbe mpwa wangu ameshalipia yake nusu nusu. Nimeuza punda wawili nikamaliza deni la boda. Wawili nimebakisha kwa vile vichochoro vya Langoni, pikipiki ikikutana na bibi na kikapu pale mmoja lazima arudi nyuma, na bibi harudi.

Mwalimu_wa_Nane:
Mimi nilikuwa mwalimu wa hesabu darasa la 8, Malindi. Watu walisema CBC, ule mtaala mpya, itafutwa serikali ikibadilika nami nikaamini, 2019 inaanza nchi nzima mimi bado nakusanya mitihani ya zamani ya KCPE, ule wa kumaliza darasa la 8, nina masanduku matatu chini ya kitanda. KCPE ya mwisho ikafanywa 2023 na masanduku yapo. Nikapewa darasa la chini, eti watoto watengeneze vikapu, halafu niingize alama kwenye tovuti ya KNEC, baraza la mitihani, usiku mtandao ukipungua watu. Binti yangu ndiye aliyenifundisha, mara mbili nilifuta darasa zima kwa bahati mbaya na yeye akanisema kama nilivyokuwa nikisema watu ubaoni. Nimengoja miaka 4 kwa hiyo nadhani nimewashinda wote.

Mbaazi_za_Nazi:
Mwalimu, zile karatasi bado zipo? Tangu mifuko ya plastiki ipigwe marufuku 2017 karatasi ya kufungia ni dhahabu. Nakuja na tuktuk.

Mwalimu_wa_Nane:
Njoo Jumamosi. Masanduku mawili. La tatu nitaliangalia kwanza.

Ciao_Maweni:
😂😂 Mzee Mvuvi, shemeji yangu yuko Ngomeni anatafuta jarife. Lako bado unalo? Unauza bei gani?

Mvuvi_Amu:
Liko darini. Juzi nimelishona pale panya alipokula.

Siuzi. Niulize kaskazi ikisha.