Kisu cha porini cha shilingi 65,000, msuka wa vidole viwili

Ndugu wanajukwaa, naomba mnivumilie kwa urefu wa uzi huu, kwa kuwa nimeuandika nikiwa na hasira na sitaki kuacha jambo. Mimi ni kiongozi wa skauti hapa Tanga, na kila likizo ndefu huwapandisha vijana milima ya Usambara kupiga kambi. Mwezi uliopita nilinunua kisu cha porini kwa shilingi 65,000 kutoka kwa muuzaji wa mtandaoni ambaye kwa sasa simtaji. Kisu hicho kimevunjika siku ya kwanza ya kazi, na muuzaji ananiambia kosa ni langu.

Tangazo lake lilisema kwamba chuma cha kisu kinapita ndani ya mpini hadi mwisho, na kwamba kinafaa kupasulia kuni. Sikuridhika na tangazo peke yake. Nilimwandikia nikamwuliza kama msuka, yaani ile sehemu ya chuma inayoingia ndani ya mpini, ni mzima hadi mwisho, naye akanijibu kwa maandishi kwamba ni mzima, tena akaongeza picha ya kitako cha mpini ambapo kipande cha chuma kilikuwa kimechomoza. Ujumbe huo ninao hadi leo.

Jioni ya kwanza mvua ilitunyeshea, na kuni tulizonunua kijijini zikalowa. Kuni za namna hiyo haziwaki mpaka uzipasue uufikie moyo wake mkavu. Nikasimamisha kipande cha mkaratusi kisichozidi unene wa kifundo cha mkono, nikaegesha makali juu yake, nikaanza kugonga mgongo wa kisu kwa kigogo, polepole, kama nilivyofanya kwa visu vingine miaka yote. Pigo la tano au la sita, bapa lilichomoka likapita kando ya goti la kijana wa miaka 14 aliyekuwa ameinama kupanga vijiti. Nilibaki na mpini mkononi.

Asubuhi yake niliupasua mpini kwa msumeno. Msuka wote ulikuwa wa sentimita 4, mwembamba kuliko kidole changu cha mwisho, umezungushiwa gundi. Kile kipande cha chuma cha kitakoni, ambacho nilionyeshwa kama ushahidi, kilikuwa kimepachikwa peke yake na hakikuungana na kitu chochote. Hapo ndipo hasira yangu ilipopanda kweli, maana huu si uzembe wa kiwandani. Kuna mtu aliyekaa akajua kwamba mnunuzi makini hutazama kitako, akaamua kumwekea mnunuzi huyo mtego wake.

Nisieleweke vibaya kwamba nadharau visu vya bei nafuu au misuka mifupi. Kampuni ya Morakniv ya kule Mora, Sweden, inatengeneza visu tangu mwaka 1891, na kile kisu chao cha bei ya chini kiitwacho Companion kina mpini wa plastiki, bapa la unene wa milimita 2.5 na urefu wa takriban sentimita 10, na msuka usiofika mwisho wa mpini. Hawafichi hilo. Anayetaka msuka mzima wanamwuzia Garberg, ambacho ni kizito zaidi na bei yake ni kubwa zaidi, na mnunuzi anachagua akijua. Mkwe wangu anayo Companion tangu zamani, anachongea vigingi, anachinjia kuku, na vijiti vyembamba anavipasua bila wasiwasi. Mimi nililipia msuka mzima kwa sababu nilijua ninakwenda kugonga.

Na msuka haukuwa ugonjwa pekee. Nilipolichukua lile bapa na kulipitishia tupa, tupa ililila kama inavyokula msumari. Chuma kilichotiwa matiko sawasawa, yaani kilichopashwa moto na kupozwa ghafla ili kiwe kigumu, huifanya tupa iteleze au ikwaruze kidogo tu, kwa hiyo hiki ama hakikutiwa matiko kabisa au kilipashwa moto kwa mazoea tu. Neno la Kiingereza lililochapwa ubavuni kwamba hakishiki kutu halinisaidii kitu, kwa kuwa hata kijiko cha chai hakishiki kutu na hakuna anayechonga kigingi kwa kijiko. Mgongo nao ulikuwa wa mviringo, hivyo haukuweza kukwangua kile kijiti cha chuma cha kuwashia moto na kutoa cheche, kazi inayohitaji pembe kali ya mraba. Halafu sehemu ya nyuma ya mgongo huo wamekata meno ya msumeno ambayo hayakati hata mwanzi, kazi yake ni kutafuna kigogo unachogongea. (Haya mawili ningeyaona mwenyewe kama ningekishika mkononi kabla ya kulipa, na hapo najilaumu.)

Mhunzi wa sokoni anayefua visu kwa springi za gari aliniuzia kisu kwa chini ya nusu ya bei hiyo miaka mitatu iliyopita. Hakina sura, ala yake ni ya ngozi iliyoshonwa kwa uzi wa viatu, na kinashika kutu nikisahau kukipaka mafuta. Msuka wake, hata hivyo, nauona kwa macho pande zote mbili za mpini, pamoja na misumari mitatu iliyoupita.

Nilipomrudia muuzaji na picha, alijibu mara mbili. Kwanza alisema kisu hakikutengenezwa kugongwa, ilhali tangazo lake, ambalo wakati huo lilikuwa bado lipo, lilionyesha mtu akikigonga. Nilipomtumia picha ya tangazo hilo, akaniandikia kwamba mali ikishauzwa hairudishwi, kisha akanizuia. Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003 inakataza kumpotosha mlaji katika biashara, na maneno ya kwenye risiti hayaifuti sheria hiyo, kwa hiyo nakusanya ujumbe, tangazo, risiti na mpini uliopasuliwa nivipeleke kwenye Tume ya Ushindani.

Ninachodai ni shilingi zangu 65,000 na tangazo lile liondolewe. Kama yupo hapa aliyenunua kisu chenye mpini mweusi na kipande cha chuma kitakoni, tafadhali asikigonge mbele ya mtoto, na kama ameshakipasua mpini, aweke picha ya msuka hapa chini pamoja na kipimo chake.