Tupeane uzoefu: vikaragosi vya wanasiasa kwenye TV, vya zamani na vilivyofufuliwa

Wadau, habari za jioni. Juzi kazini ulizuka ubishi kuhusu Spitting Image ya Waingereza, ile ya vikaragosi vya mpira vilivyowasuta wakubwa pale ITV kuanzia 1984 hadi 1996. Imeacha watoto na wajukuu: Les Guignols Ufaransa, Kukly Urusi, The XYZ Show Kenya. Yenyewe ikafufuliwa 2020. Mimi nasema watoto wamempita mama, na mama aliyefufuliwa ndiye dhaifu kuliko wote. Wewe uliitazama ipi, ukiwa wapi? Leteni mliyoyaona, ya kusimuliwa tunayo mengi.

Mdau wa London: Nilisoma huku miaka ya themanini. Jumapili usiku sebule ya hosteli ilifurika, hata wasiojua siasa za Waingereza walikuwemo. Thatcher kavalishwa suti na tai ya kiume, mawaziri wanamtetemekea. Aliyenimaliza ni David Steel wa chama cha Liberal: walimfanya kijitu kidogo kinachokaa mfukoni mwa David Owen, kiongozi wa SDP, chama mshirika wao. Mwenyewe alikuja kukiri kwamba kile kichekesho kilimharibia jina.
Hiyo ya 2020 ilikuwa BritBox, huduma ya kutazama mtandaoni, ya kulipia. Nikalipa. Ufundi upo, siwanyimi haki yao. Lakini Trump alikuwa ameshaandika vituko vyake Twitter tangu asubuhi, kikaragosi kikija mwisho wa wiki kinafanya marudio. Halafu unacheka peke yako na simu yako, basi.

Mtoto wa Bukavu, niko Lyon: Les Guignols ilianza 1988, Canal+, kituo cha TV cha kulipia. Zile dakika chache zilirushwa bila kufungwa, hata sisi tusiolipia tuliziona, jioni kabla ya saa mbili. Mwaka 1995, wa uchaguzi wa rais, kikaragosi cha mgombea Chirac kilikuwa kinawahimiza watu kula matofaa, na wapo waliodai kikaragosi ndicho kilichomsogeza Ikulu! Ilizimwa 2018, na miaka ya mwisho ilishapoa sana.

Wa Nairobi: XYZ ilianza 2009, kazi ya Gado, mchora katuni (mzaliwa wa Dar, Watanzania msijisahau). Msomaji habari wao alikuwa Keff Joinange, na kila Mkenya alijua anayeigwa ni mtangazaji Jeff Koinange. Tulishazoea kundi la vichekesho la Redykyulass wakimwigiza Rais Moi, ila mpira ni kitu kingine: sura inavutwa, mashavu yanavimba, hakuna adabu iliyobaki. Babu yangu ni wa enzi za Nyayo, utawala wa huyo Moi, rais hachekwi. Kikaragosi cha Rais Kibaki kilipotokea akachukua rimoti, akapunguza sauti, halafu akaangalia dirishani. Hatukusema kitu. Wiki iliyofuata ndiye aliyetuita sebuleni.

Fundi: Kabla hamjalaumu kwamba hivi vipindi vinakatika katika, sikilizeni. Nilisaidia karakana ya kikundi cha maigizo ya afya, vikaragosi vya staili hiyohiyo. Sura unaifinyanga kwa udongo, unaizungushia plasta, kalibu ikikauka ndipo unamimina mpira wa maji. Ukifungua ukakuta pua ina kiputo, rudi mwanzo. Kuchezesha kimoja kikubwa ni watu wawili: mmoja kichwa na mkono mmoja, mwenzake mkono wa pili, mmebanana chini ya meza, bega limekufa ganzi. Sasa rais akipangua baraza la mawaziri, wewe unafinyanga upya. Pesa inaishia hapo.

Wa Kisauni: Mimi na XYZ tuna kesi. Kiingereza kilikuwa kingi mno. Mamangu alicheka sura tu, maneno nikawa namfasiria, na utani ukishafasiriwa umekwisha.

Aliyeanzisha mada: Wa Kisauni una hoja, dada. Fundi, asante, hilo la baraza la mawaziri sikuwa nimelifikiria. Ila pesa si kila kitu. Kukly ya Urusi ilikuwa inapendwa, kituo chake NTV kikachukuliwa na Gazprom, kampuni ya gesi ya serikali, 2001, mwaka uliofuata kipindi hakipo. Kule Afrika Kusini, ZANews, vikaragosi vya mchora katuni Zapiro, ilikataliwa na SABC, shirika la utangazaji la taifa, ikaenda kujirusha yenyewe kwenye intaneti. Kwetu Bongo, kundi la Ze Comedy waliwaigiza wakubwa kwa sura zao wenyewe, bila mpira wala kalibu. Aliyewahi kuona vikaragosi vya siasa Uganda au Burundi, tupe mkanda mzima.