Kiyoyozi cha Harrier, Lubumbashi: kuongeza gazi, kubadilisha kompresa au kutafuta inapovuja?

Mama_Ruashi
Wandugu, habari za mchana. Nina Toyota Harrier ya 2005, kiyoyozi otomatiki. Nikiwa mwendo kuelekea Likasi hewa inatoka baridi vizuri, lakini nikikwama nyuma ya malori Kasumbalesa inageuka vuguvugu, na kwa jua hili la Oktoba watoto wanateseka. Kompresa nayo, inayosukuma gazi, inashika na kuachia, inashika na kuachia, kila baada ya sekunde chache.

Mafundi wamenipa majibu matatu. Wa kwanza anataka kuongeza gazi tu. Wa pili anasema kompresa imekufa, niweke ya okazyo (iliyokwisha tumika), dola 350 pamoja na kazi. Wa tatu anataka kwanza atafute gazi inapovujia, azibe, ndipo ajaze upya. Mngekuwa ninyi, mngelipia lipi?

Teksi_Kamalondo
Mama, anza na gazi. Ni bei ndogo na haichukui muda. Gari langu la teksi naliongezea kila joto likianza, na abiria hawalalamiki. Kuna na mikebe yenye dawa ya kuziba matundu humo humo, unapiga ndege wawili kwa jiwe moja.

Fundi_Kampemba
Ndugu wa Kamalondo, kwa heshima: gazi ya kiyoyozi hailiwi kama petroli. Inazunguka tu humo ndani. Ikipungua, imetoka, na kuna mahali imetokea. Tena inatoka pamoja na mafuta yanayolainisha kompresa. Anayeongeza gazi kila mwaka bila kuziba anaikausha kompresa polepole, halafu siku ikikwama, vyuma vinasambaa kwenye mfumo mzima. Ile dawa ya kuziba mimi siigusi. Inaganda ikikutana na unyevu, na inaweza kuziba vali ya upanuzi ambayo tundu lake ni dogo sana.

Mama, kompresa inayoshika na kuachia bado ina uhai, kwa hiyo zile dola 350 usizitoe. Dai kwanza manometa mbili (vipima presha), upande wa presha ya chini na wa juu, injini ikiwa inazunguka. Kwa R134a, aina ya gazi ya magari kama lako, siku ya joto kama hizi, chini tunategemea karibu ba 2 (kipimo cha presha), na juu kati ya 12 na 16 hivi. Zote mbili zikiwa chini, gazi imepungua. Zote zikiwa juu sana, kondensa (ile rejeta ya kiyoyozi iliyo mbele ya gari) haipoi, au mtu alijaza kupita kiasi. Ya chini ikipanda na ya juu ikishuka mpaka zinakaribiana, hapo ndipo nitakubali kuzungumzia kompresa. Fundi anayekuhukumia kompresa bila kufunga manometa anabahatisha kwa pesa yako.

Mwana_Katuba
Kabla hata ya manometa, Mama, kuna kipimo cha bure. Toyota nyingi za miaka hiyo zinajipima zenyewe. Shikilia AUTO pamoja na kitufe cha kuzungusha hewa ya ndani, kisha washa swichi mpaka ON. Taa zitapepesa, halafu zitatokea namba. 00 ni salama. 11 ni sensa ya joto la ndani, 12 ya nje, 13 ya evapareta (sehemu ya ndani inayopoza hewa), 21 ya jua. Fanyia nje mchana, maana chini ya paa lenye giza 21 inaweza kujitokeza bila ubovu wowote.

Angalia pia kama feni za mbele zinazunguka ukiwasha kiyoyozi, na uchomoe chujio lililo nyuma ya kisanduku cha dashibodi. Kwa vumbi letu hili jekundu nimeshakuta lililogeuka udongo mtupu.

Mama_Ruashi
Asanteni sana. Namba ni 00, feni zote mbili zinazunguka, chujio nimebadilisha. Manometa: chini 0.8, juu 8. Na jambo moja: nikimulika tochi kupitia grili, kwenye kona ya chini ya kondensa kuna doa lenye unyevunyevu, vumbi limeshikana hapo kama tope, ingawa kwingine ni kukavu.

Fundi_Kampemba
Hapo hapo. Ni mafuta ya kompresa yanayotoka na gazi, ndiyo maana vumbi linanata. Paka povu la sabuni uthibitishe. Yaelekea ni kokoto ya barabarani. Na gazi ikiwa pungufu, injini ikizunguka polepole kompresa haiwezi tena kupoza. Ndiyo sababu Kasumbalesa inakushinda na njia ya Likasi haikushindi.

Kwa hiyo ni yule wa tatu. Usikubali kondensa ichomelewe. Mirija yake ni myembamba mno, nunua mpya. Badilisha na kikaushio kinachonyonya unyevu (kwenye kondensa nyingi kimo ubavuni mwake) na oringi, zile pete za mpira, za maungio yote yatakayofunguliwa. Kisha pampu inyonye hewa angalau nusu saa, na gazi ipimwe kwa mizani, kwa gramu zilizoandikwa kwenye kibandiko chini ya boneti.

Goma_Virunga
Naongeza moja, maana huku kwetu limezua ugomvi garaji. Vitabu vinataka pampu ivute mpaka karibu inchi 30 za zebaki. Huo ni usawa wa bahari. Goma tuko mita 1,500 hivi, sindano ya manometa inaishia karibu 25. Lubumbashi, mita 1,200 na kitu, mtaona kama 26. Pampu si mbovu. Kinachotakiwa ni sindano ikae pale pale baada ya kufunga vali.

Teksi_Kamalondo
Fundi, na huyu wa kwangu anayeongezwa kila mwaka, niangalie wapi?

Fundi_Kampemba
Maungio ya mabomba, mdomo wa kompresa nyuma ya puli, na vali ndogo za kujazia, ambazo wengi wanasahau kurudisha vifuniko vyake. Na yeyote anayejaza kwa mkebe asifungue kamwe vali ya presha ya juu injini ikizunguka. Mkebe unapasuka mkononi. Mama, mpaka kondensa ifike, kiyoyozi kizime kabisa.

Mama_Ruashi
Nimekizima. Kondensa nimeagiza, nimetuma na namba ya chasisi ili wasiniletee ya injini nyingine.